Dumu Lisilopungua

Mwezi wa saba Songea huwa na baridi ya kuhifadhi samaki dirishani, na ndio mwezi niliouchagua kukopa SACCOS ili ninunue friji.

Simsingizii mtu. Wazo lilikuwa langu. Mimi ni mwalimu wa hesabu, na mwalimu wa hesabu akiwa likizo, hana madaftari ya kusahihisha, huanza kuisahihisha nyumba yake. Jioni moja ya Juni 2023 nilimwona kitindamimba wetu akienda kwa Mangi, mwenye duka la mtaani kwetu, mara nne: kwanza chumvi, pili mafuta ya mia tano, tatu kiberiti, nne kukirudisha kiberiti kwa sababu kilikuwa kimelowana. Nikatafuta daftari. Kwa wiki mbili niliandika kila shilingi iliyotoka nyumbani kwetu Bombambili ikaingia kwenye lile dirisha la nondo: sukari robo, majani ya chai ya mia, kipande cha sabuni, dawa ya meno ile ndogo kama kidole cha mtoto. Mwisho nikapiga hesabu ya mafuta peke yake. Vipimo vya mwezi mmoja vilitosha kujaza dumu la lita tano, na tungenunua dumu lenyewe tungebakiwa na shilingi elfu kumi na mbili mkononi. Nilimsomea mke wangu jibu hilo kwa sauti ya mtu anayetangaza matokeo ya kidato cha nne.

"Kwa hiyo Mangi anatuibia?" akauliza.

"Hatuibii. Tunajiibia wenyewe."

"Basi mwizi yuko ndani," akasema, akaendelea kuchambua mchele.

Huyo Mangi, ingawa jina ni la Kichaga, si Mchaga. Songea biashara nyingi za maduka ziko mikononi mwa Wakinga waliotoka Makete, na wetu ni mmoja wao. Ila jina la Mangi lilipanda basi Dar es Salaam, likapita Makambako, likateremka kilomita karibu 300 mpaka huku bila kuuliza kabila la mtu. Duka lake ni chumba kimoja. Nyuma ya nondo kuna mizani, ndoo ya mafuta na vikombe vyake vya kupimia, vocha, mishumaa, na kibao kilichoandikwa kwa rangi nyekundu: Leo taslimu, kesho mkopo. Chini ya kibao hicho hicho ndipo linaponing'inia daftari la mikopo, kwa kamba ya katani, na sisi tulikuwa na ukurasa wetu humo tangu binti yetu mkubwa hajaanza shule.

Hamu yangu ya kununua vitu vya mwezi kwa mkupuo ni ya zamani. Nilikuwa mwanafunzi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2006, jengo la maduka la Mlimani City lilipofunguliwa jirani yetu, na ndani yake supamaketi ya Shoprite. Tulikuwa tunaingia na shilingi elfu moja mfukoni, tunazunguka saa nzima kwa ajili ya ubaridi, tunatoka na mkate. Niliwaangalia watu wanaosukuma matoroli yaliyojaa nikajiapiza kwamba siku moja nami. Ningeendelea kuangalia ningejifunza jambo jingine. Shoprite waliwauzia maduka yao Nakumatt ya Kenya, wakaondoka mwaka 2014. Uchumi, nao wa Kenya, wakafunga matawi yao yote ya Tanzania Oktoba 2015. Nakumatt nao wakaishiwa, shelfu zikabaki na vumbi, na mwaka 2020 kampuni ikazikwa rasmi hukohuko kwao Nairobi. Mwenye akili angejiuliza kwa nini majitu yale yanaanguka na Mkinga mwenye ndoo moja ya mafuta bado anafungua dirisha saa kumi na mbili asubuhi. Mimi nilikuwa na daftari, sikuwa na haja ya kujiuliza.

Basi mjini kwetu kukawa na duka la kujihudumia: chini ya ghorofa, mlango wa kioo, mlinzi wa kukuchukulia begi, na toroli tano, moja ikiwa na gurudumu lililokwenda kwao kila ulipolisukuma. Jumamosi ya kwanza ya Julai nikampeleka mke wangu na orodha ya vitu kumi na tisa.

Nilikuwa nimesoma mahali kwamba mtindo huu wa mteja kujichotea mwenyewe ulianzia Memphis, Marekani, mwaka 1916, katika duka la Clarence Saunders lililoitwa Piggly Wiggly. Kabla ya hapo Wamarekani nao walikuwa wakisimama mbele ya meza na kumtajia muuzaji wanachotaka, kama sisi kwa Mangi. Saunders akapanga shelfu hivi kwamba mtu akiingia hapati njia ya kutoka mpaka apite mbele ya kila kitu. Nilimweleza mke wangu habari hiyo tukiwa kwenye shelfu ya pili, kwa fahari, huku mkono wangu ukiweka ndani ya toroli pakiti ya vipande vya mahindi vya kula na maziwa. Haikuwa kwenye orodha. Mayonizi pia haikuwemo, wala kuku wawili wa kugandishwa, wala kopo la uyoga kutoka China.

Mezani pa kulipia mke wangu alisubiri mashine imalize kulia, akamtazama yule binti.

"Mwanangu, nyongeza yangu iko wapi?"

Binti akacheka, akadhani ni utani. Haukuwa utani. Soko Kuu mke wangu hajawahi kununua fungu la nyanya bila kuongezewa moja, wala maharage bila kiganja cha juu; kile kiganja ndicho kinachomrudisha kwa mama yuleyule wiki inayofuata. Hapa alipewa risiti yenye urefu wa mkono wangu na jumla ya shilingi 243,700. Aliikunja mara nne akaisokomeza kwenye pindo la kanga, mahali anapoweka vitu vya kunionyesha baadaye.

Mifuko ya plastiki ilishapigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, kwa hiyo mzigo ulipakiwa kwenye maboksi, sita, ukaingia kwenye bajaji. Nilimwambia dereva apite barabara ya juu. Sababu sikumwambia. Akapita ya juu kweli, lakini nilipompa noti ya elfu kumi hakuwa na chenji, na kabla sijasema neno alikuwa amekata kona na kusimama mbele ya dirisha la nondo.

Mangi alihesabu chenji taratibu. Macho yake yalitembea kwenye boksi la kwanza, la pili, mpaka la sita.

"Mwalimu, shikamoo. Mmefungua duka?"

"Marahaba. Hapana, ni vitu vya nyumbani tu."

"Hongera," akasema. Alimaanisha, na hilo ndilo lililoniuma.

Nyumbani alikuwepo mama yangu, ambaye kwetu kila mtu humwita Bibi. Alikuwa amefika jana yake kutoka Namtumbo na gunia la mahindi, kikapu cha maharage, na jogoo aliyefungwa mguu. Alikaa kwenye kigoda akitazama maboksi yakishushwa. Lilipoingia la sita aliniita nyuma ya jiko, akanishika mkono.

"Mwanangu, umesikia nini?"

"Kuhusu nini, Mama?"

"Kuhusu vita."

Ilinichukua dakika kadhaa kumwelewa. Bibi alikuwa na watoto watatu mwaka 1983, mwaka wa vita dhidi ya wahujumu uchumi. Miaka ile foleni ya duka la serikali la RTC uliiunga kwanza, ukauliza baadaye inauza nini; sabuni ilipokosekana walifulia majani ya mpapai. Kisha ikaja ile operesheni. Waliokutwa na mifuko ya sukari ndani walikamatwa, na waliosikia kwamba wenzao wamekamatwa walibeba yao usiku wakaitupa porini. Kwa hiyo Bibi alikuwa na elimu mbili kuhusu sukari nyingi ndani ya nyumba: kwamba haitapatikana tena, na kwamba isionekane.

Nilimwambia hakuna vita. Akaitikia kwa kichwa, kama mtu anayeitikia taarifa ya habari.

Kisha akaanza kukagua. Mbele ya gunia lake la mahindi alikuta paketi za sembe kilo kumi, zimefungwa Dar es Salaam. Mkoa wa Ruvuma ni miongoni mwa mikoa inayoilisha nchi hii mahindi. Msimu ukifika malori hujipanga kwenye maghala ya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula (NFRA) hapahapa Songea. Mimi nilikuwa nimeyalipia mahindi hayo nauli ya kwenda na ya kurudi. Bibi hakusema kitu, aliligeuza gunia lake tu likaangalia ukutani. Kuku wa kugandishwa aliwagonga kwa kidole, akasikiliza mlio. Alipofika kwenye kopo la uyoga ndipo akavaa miwani.

"Huu nani aliyeuokota?"

"Umetoka China, Mama."

"Nimekuuliza nani. Hujanijibu."

Mtu asiye wa huku anaweza kucheka. Mvua za mwisho wa mwaka zikikolea, kina mama hukaa kando ya barabara na mabeseni ya uyoga wa porini, na mnunuzi hautazami uyoga sana. Anamtazama muuzaji, anamuuliza ametokea upande gani, mama yake nani, wao nyumbani wamekula, kisha ndipo anafungua pochi. Bibi amezika watu waliokula uyoga bila kuuliza. Kopo lile lilikuwa na picha ya uyoga mweupe, namba nyingi, tarehe mbili, na halikuwa na mama.

Friji nitaisema kwa ufupi maana inanikera. Umeme wa gridi ya Taifa ulitufikia mwaka 2018 kwa nyaya kutoka Makambako, na tangu hapo kila mwenye mshahara mtaani alijiona ana deni la friji. Yangu ilifika Jumatatu. Jumatano umeme ukakatika usiku, ukarudi kesho yake jioni. Kuku waliwekwa nje kwenye sufuria kwa sababu nje kulikuwa na baridi kuliko ndani ya friji, na paka wa jirani akafanya alichofanya. Asubuhi jogoo wa Bibi alikuwa anatembea uani mzima, na miguu yake, bila waya.

Mtaa nao haukulala. Bajaji yenye maboksi sita ni tangazo kuliko la redio. Jioni ileile ya maboksi alikuja jirani wa kwanza na kikombe: sukari, nitarudisha kesho. Wa pili alikuja na chupa ya soda kuomba mafuta. Wa tatu alituma mtoto, saa tatu usiku, hamira. Mtu hawezi kumgongea Mangi usiku akaomba kikombe cha bure. Nyumba ya mwalimu iliyojaa hugongwa. Nilianza kulalamika, mke wangu akanikata: "Ukitaka kuwa na duka, weka nondo."

Wiki ya pili ugali ukaanza kunuka waridi.

Nilidhani ni pua yangu. Binti mkubwa akasukuma sahani. Bibi peke yake alikula bila kusema, tena haraka. Tulibadilisha maji, tukasugua sufuria, tukamlaumu mwenye mashine ya kusaga. Siku ya tatu kijana wetu aliingiza debe ndani ya gunia la Namtumbo kuchota mahindi ya kusaga, akatoka na sabuni ya kuogea. Akachota tena, akatoka na nyingine. Kumbe dazani nzima ilikuwa imelala humo, na chini yake sukari paketi tatu, na boksi zima la viberiti. Sembe ya Dar es Salaam ilikuwa imekwisha siku nyingi. Tulikuwa tunakula mahindi yaliyolala na sabuni.

"Polisi wanapekua makabati," Bibi akaeleza kwa upole. "Hawachoti mahindi."

Orodha yangu ilionyesha paketi tano za sukari. Mbili hazikuonekana, na nilimshuku kila mtu pamoja na mwenye bajaji. Zilikuja kuonekana Januari 2024, sukari ilipoadimika nchi nzima, bei ikaruka, Serikali ikatangaza bei elekezi na maduka mengi yakawa hayana ya kuuza kwa bei hiyo. Bibi aliteremka kwenye basi la Namtumbo na furushi la kanga, akaliweka mezani, akaomba chai.

Lakini nilitaka kusema habari za dumu.

Dumu la lita tano nililiweka jikoni kwenye kona yake, na kila Jumapili baada ya ibada nililipiga mstari kwa kalamu ya wino mzito pale yalipofikia mafuta. Jumapili ya kwanza yalikuwa yameshuka kupita kiasi. Nilishangaa, ingawa sikupaswa kushangaa. Mafuta ya kupima humiminwa na mkono unaojua kwamba kikombe kikiisha mtoto atatumwa tena na mia tano nyingine itatafutwa. Dumu halina mwisho unaouona. Unaliinamisha, linakububujikia, na maandazi ya watoto yanaogelea. Nilikusanya familia. Nilichora jedwali. Nilipiga marufuku mtu yeyote kukanyaga kwa Mangi mpaka mwezi uishe, na mimi mwenyewe nikawa nikipita pale nimegeuzia uso upande wa pili wa barabara, kama mtu aliyeachana na mchumba.

Hotuba ile ilifanya kazi. Jumapili ya pili mafuta yalikuwa palepale penye mstari. Jumatano nikachungulia: palepale. Tulikula samaki wa kukaanga, tukala chapati, mstari haukusogea hata unene wa ukucha. Nilikwenda ofisi ya walimu nikawasimulia wenzangu kwamba nidhamu ya nyumbani ni suala la takwimu tu. Mwalimu wa Maarifa ya Biblia alinisikiliza mpaka mwisho, akanikumbusha mjane wa Sarepta ambaye chupa yake ya mafuta haikupungua njaa nzima. "Ila yule," akasema, "alikuwa na nabii ndani ya nyumba." Nilimshukuru. Nilidhani ananisifu.

Mimi, ninayewafokea watoto wa watu kwa kuandika jibu bila kuonyesha njia, nilitazama dumu linalotumika mara tatu kwa siku na halipungui, nikafurahi.

Tarehe 18 mke wangu alikwenda Peramiho kumuuguza dada yake hospitali, akalala huko siku mbili. Siku ya kwanza mafuta yakashuka chini ya mstari. Siku ya pili asubuhi yakashuka tena, na jioni binti mkubwa akaligeuza dumu juu chini, likatoa matone manne kisha likakohoa. Maharage yalikuwa yameiva. Kitunguu kilikuwa kimeshakatwa. Bibi akanitazama bila kusema chochote.

Mfukoni nilikuwa na elfu mbili na mshahara ulikuwa haujatoka. Nikamshika mkono kitindamimba, yeye akabeba dumu tupu, tukateremka kwa Mangi giza likianza kuingia. Nilikuwa nimejiandaa kusema jambo refu kuhusu wageni wa ghafla. Sikupata nafasi. Mtoto alipandisha dumu kwenye dirisha kwa mikono miwili, kama mtu anayefanya kitu hicho kila siku.

"Shikamoo, Mangi. Ya Mama."

"Marahaba. Vikombe vingapi leo?"

"Mpaka kwenye mstari wa Baba."

Mangi alikuwa ameshika kikombe, hajaniona kwa sababu ya giza. Akaniona. Akakiweka kikombe chini, akakichukua tena, akaanza kumimina akiwa ameinamisha uso, kimoja, cha pili, akililinganisha dumu na mwanga wa taa ili aupate mstari vizuri. Kwa kweli aliupata sawasawa. Mkono ulikuwa umezoea.

"Niletee daftari," nikasema.

"Mwalimu, si lazima leo."

"Lete tu."

Akalifungua kamba akalipitisha kati ya nondo. Ukurasa wetu wa zamani ulikuwa safi, deni la Juni limelipwa, mstari umepigwa chini kwa rula. Nikafunua unaofuata. Juu kabisa, kwa mwandiko wa mke wangu, kwa herufi kubwa ili nikilipitia daftari kwa macho nisiutambue, pameandikwa jina la mteja: SUPAMAKETI. Chini yake: mafuta mia tano, mafuta mia tano, sukari robo, mafuta elfu moja (chapati), chumvi, sukari robo ya jirani, kiberiti, mafuta mia tano. Jumla, mpaka jana yake, shilingi 31,400. Pembeni, kwa kalamu nyingine, Mangi alikuwa ameandika vitu visivyo na bei: nyongeza, kitunguu kimoja, nyongeza, pipi ya mtoto.

"Alisema usiambiwe," Mangi akasema. "Alisema unafurahi sana siku hizi."

Nilisimama pale. Nyuma yangu alikuja mama mmoja kununua unga nusu, akasubiri bila kuuliza. Nilitoa ile elfu mbili, Mangi akaipokea, akaandika, akatoa, akaandika salio. Kalamu yake ikasita juu ya ukurasa.

"Na hili jina, Mwalimu? Tubadilishe?"

"Liache," nikasema. "Niandikie na kiberiti. Kikavu."